Suti Huliwa Sandukuni

Nimekuja leo kusema nanyi juu ya jambo ambalo pengine mtaliona dogo, nalo ni utunzaji wa nguo za heshima za wanaume. Naomba mnivumilie, kwani ninayo sababu ya kulisema.

Marehemu baba yangu alikuwa na suti moja ya sufu, rangi ya majivu. Aliivaa miaka mingi, harusini na matangani, na kila alipoitwa barazani. Siku moja niliiazima kwenda harusini. Nilicheza nikatoka jasho, na mchuzi ukanidondokea mkononi mwa koti. Niliporudi, niliikunja vivyo hivyo nikaitia sandukuni. Baada ya hapo baba alishikwa na maradhi, hakuivaa tena. Alipofariki tulilifungua sanduku ili tumvike, tukakuta koti limetoboka kama chujio. Alizikwa kwa nguo za kuazima, na mimi peke yangu ndiye niliyejua kwa nini.

Ni nani aliyeila suti ile? Watu humlaumu nondo arukaye, lakini nondo huyo akisha kukomaa hali kitu. Alaye ni kiwavi wake mdogo, mweupe, atokaye katika mayai yaliyotagwa juu ya nguo. Yeye hupenda mahali pa giza pasipoguswa, na hula sufu kwa sababu sufu ni manyoya ya mnyama. Jasho na mchuzi humnogeshea chakula. Basi kanuni ya kwanza ni hii: usiweke kamwe nguo chafu, hata ukiwa umechoka namna gani. Na ukinunua suti ya mtumba, kama wengi wetu tununuavyo pale Gikomba, ipige brashi na kuianika juani kabla ya kuichanganya na nguo zako nyingine.

Pili, ukivua suti, toa vitu vyote mifukoni, uitundike kwenye hanga yenye mabega mapana, wala si kwenye msumari, kwa maana msumari huharibu bega. Ipige brashi toka juu kwenda chini, na chini ya ukosi pia. Kisha iache ipumzike siku nzima ipate hewa. Sufu iliyokunjamana hujinyosha yenyewe ikipumzishwa.

Tatu, usiifue suti ya sufu kwa maji ya moto na kuisugua. Unyoya wa sufu una magamba madogo sana. Ukisuguliwa katika joto na maji, magamba hayo hushikana, na nguo hurudi ikawa ya mtoto. Mpelekee dobi asafishaye kwa dawa pasipo maji, lakini si kila mara. Brashi na hewa hutosha kwa siku nyingi.

Nne, pasi. Usiipitishe pasi juu ya doa, kwani joto hulikaza doa lisitoke tena. Tandika kitambaa cha pamba chenye unyevu kidogo juu ya nguo, ndipo upige pasi; vinginevyo suti itang'aa magotini na viwikoni kama kiti cha zamani. Kama pasi yako ni ya makaa, ipunge majivu nje kwanza, uijaribu juu ya kitambaa kibovu.

Kwa ndugu zetu wavaao kanzu, ile ya pamba haina taabu: ifue kwa sabuni, uianike juani. Lakini penye tarizi ya hariri, geuza upande wa ndani kabla ya kupiga pasi. Na ninyi mkaao pwani, fungueni makabati yenu mara kwa mara, maana unyevu wa bahari huzaa ukungu.

Viatu vikilowa, usivikaushe motoni, ngozi itapasuka. Vijaze karatasi za gazeti lililokwisha kusomwa, uviweke kivulini mpaka vikauke, ndipo uvipake rangi. Tai nayo uifungue fundo kila uivuapo. Na kifungo kikilegea, kishone siku ile ile. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mabwana, sisemi haya ili tujivune kwa mavazi. Wengi wetu tuna suti moja tu, nayo hutungoja kwa siku ambazo hazirudi: kuoa, kuozesha, kuomba kazi, kumzika mzazi. Siku hizo hazitupi nafasi ya kurudi nyuma kutengeneza.

Juzi mwanangu aliiazima suti yangu. Aliporudi usiku alinikuta nimekaa sebuleni, brashi mkononi. Alicheka. Nikamweleza habari za babu yake, naye akaacha kucheka, akaishika brashi.