Kijito cha Kiangazi



Sisi tukaao pwani ya kusini tunaijua milima ya Shimba, lakini si wengi walioingia ndani ya msitu wake. Mahali pale palitengwa kuwa hifadhi mwaka 1968. Wamo ndovu, na wamo palahala, ambao katika Kenya hawakai porini mahali pengine po pote. Yamo pia maporomoko ya maji yaitwayo Sheldrick, yaangukayo kwa urefu wa mita zaidi ya 20. Ukiwa barabarani huyaoni. Huna budi kuliacha gari juu na kumfuata askari mwenye bunduki kama kilomita 2, ukiteremka katika nyasi na kisha katika miti.

Mara ya kwanza nilikwenda na vijana wa kanisa, mwezi wa Juni. Masika yalikuwa mazito, na tulisikia ngurumo ya maji kabla ya kuyaona.

Mara ya pili ilikuwa Februari. Nilikwenda na mzee mmoja, mvuvi wa Munje, ambaye mkewe tulimzika mwezi wa Mei uliotangulia. Njia nzima nilimsifia maporomoko yale. Tulipofika, maji yalikuwa membamba, yakishuka mwambani kama kamba ya nanga. Nikaona haya. Nikasema, "Mzee, unisamehe. Ungeyaona wakati wa masika!"

Akaketi juu ya jiwe, akanawa uso. Kisha akasema kwa upole, "Mchungaji, hata ninyi mlikuja wakati wa masika."

Neno lile lilinichoma. Wakati wa matanga ua wake ulijaa watu. Tuliimba, tuliomba, akina mama walipika. Mimi mwenyewe nilifika mara tatu katika juma moja. Baada ya hapo, miezi minane ilipita, nami mchungaji wake sikupiga hodi mlangoni pake.

Somo letu ni Ayubu, sura ya 6, mstari wa 15 hadi 20. Ayubu anawafananisha rafiki zake na kijito kinachojaa kwa msimu, na joto linapokuja kinatoweka. Misafara ya Tema na Sheba inakitumaini, inafika, na kuona haya. Angalieni, Ayubu hasemi kwamba kijito hakikuwahi kuwa na maji. Lawama yake ni kwamba kilikauka wakati wa kiu.

Lakini siku ile ya Februari maji hayakuwa yamekwisha. Mvua haikuwapo, nayo yalitoka wapi? Yalitoka msituni. Majani huipokea mvua ya masika, mizizi huifungulia njia, udongo huinywa na kuitoa kidogo kidogo siku za jua. Ndivyo zilivyo chemchemi za Marere katika milima hiyo hiyo, ambazo zimewanywesha watu wa Mombasa miaka mingi.

Ndugu zangu, machozi yetu ya mazikoni ni ya kweli, lakini ni mvua ya siku moja. Mjane haulizi tulilia kwa sauti gani. Anauliza ni nani atakayekuja Jumanne, wakati nyumba imenyamaza.

Jumanne iliyofuata nilikwenda Munje. Mzee alikuwa akitengeneza nyavu. Nikashika upande mmoja wa wavu, naye upande wa pili. Hatukusema mengi. Nilipoaga aliniuliza, "Utakuja tena?" Nikamjibu, "Nitakuja." Na hilo ndilo lililo gumu, kwenda tena.

Wewe unisikilizaye, ulimzika nani pamoja na jirani yako mwaka jana? Leo nenda ukapige hodi.

Tuombe. Ee Bwana, wewe uliye chemchemi isiyokauka, utusamehe kwa kuwa tumependa kwa msimu. Utie upendo wako ndani sana mioyoni mwetu, ili siku za kiangazi wenye kiu wasirudi na haya. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.