Mimba Ikileta Shida, Ni Nani Mwenye Usemi?

Ninyi mlio hapa Eldoret mjini, Langas, Huruma, Munyaka na Kapsoya, na ninyi mlio kule Turbo, Ziwa, Moiben na Burnt Forest, nawasalimu nyote. Kama uko jikoni, endelea na kazi yako lakini usogeze redio karibu. Kama baba yuko nje na ng'ombe, mwite, kwa maana mazungumzo ya leo yanamhusu yeye pia.

Tulipozungumza juu ya kliniki ya wajawazito mlituletea maswali mengi. Swali moja lilirudiwa na watu wengi, wanaume kwa wanawake. Mlitaka kujua: mimba ikileta shida, ni nani mwenye usemi? Ni mume? Ni mama mkwe? Ni mchungaji? Ni daktari? Ni serikali? Au ni mwanamke mwenyewe?

Najua somo hili ni zito na wengine hawapendi hata kulisikia. Lakini mimi ni muuguzi wa jamii, na mambo yasiyosemwa ndiyo ninayokutana nayo kazini. Naomba tusikilizane kwa utulivu.

Niwaeleze kisa kimoja. Miaka kadhaa iliyopita nilifika katika boma moja mashambani kwa kazi ya chanjo ya watoto. Niliwakuta wazee wamekaa chini ya mti na akina mama wamesimama karibu na jiko, wote kimya. Ndani ya nyumba alikuwa amelala mwanamke wa miaka ishirini na kitu, mwenye mimba ya kama miezi miwili. Tumbo lilikuwa likimuuma upande mmoja tangu alfajiri. Alikuwa ametokwa damu kidogo tu, lakini kila akijaribu kuketi aliona giza. Nilimshika mkono. Ulikuwa baridi na umelowa jasho, na mapigo ya moyo yalikuwa yakienda mbio.

Nikauliza kwa nini hajapelekwa hospitali. Mama mkwe akanijibu, "Sista, tunamngoja mwenye mke." Mwenye mke alikuwa dereva wa lori, yuko njiani kutoka Malaba, na simu yake ilikuwa imezimwa. Tena wazee walikuwa na hofu nyingine. Walikuwa wamesikia kwamba huko hospitali mimba itatolewa, na hawakutaka jambo hilo lisemwe juu ya boma lao.

Wasikilizaji, mimba ile ilikuwa imetunga nje ya kizazi, ndani ya mrija. Mimba iliyotunga kwenye mrija haiwezi kukua mpaka mtoto azaliwe. Mrija ni mwembamba, na mimba inapoendelea kukua mrija hupasuka na damu humwagika ndani ya tumbo, mahali ambapo hakuna anayeiona. Katika boma lile hakukuwa na mtoto wa kuokoa. Kulikuwa na mama wa kuokoa au wa kuzika.

Jirani aliyekuwa na gari la kubeba maziwa alikubali kutusaidia. Mama yule alipasuliwa usiku huohuo, akaongezwa damu, akapona. Mume wake alifika asubuhi. Aliposikia yaliyotokea aliniuliza swali moja tu: "Kumbe walikuwa wananingoja mimi?"

Swali la baba huyo ndilo lililonifanya nichague somo la leo.

Sasa tuangalie sheria ya nchi yetu inasemaje. Mnakumbuka kura ya maoni ya tarehe 4 Agosti 2010. Jambo hili la mimba lilikuwa kati ya yale yaliyobishaniwa sana. Viongozi wengi wa makanisa waliipinga katiba kwa sababu ya kifungu hiki, na hapa Bonde la Ufa wengi walipiga kura ya Hapana. Katiba ilipita. Kifungu cha 26 kinasema kwamba uhai wa mtu huanza mimba inapotungwa. Halafu kinasema kwamba kutoa mimba hakuruhusiwi, isipokuwa kwa maoni ya mhudumu wa afya aliyehitimu kuna haja ya matibabu ya dharura, au uhai au afya ya mama imo hatarini, au kama sheria nyingine iliyoandikwa inaruhusu.

Wengine husema, "Kenya imekataza kabisa." Si kweli. Wengine nao husema, "Tangu 2010 mtu anaweza kutoa mimba apendavyo." Hilo nalo si kweli. Kanuni ya Adhabu ingali na kifungo cha hadi miaka 14 kwa anayemtoa mwanamke mimba kinyume cha sheria, na hadi miaka 7 kwa mwanamke anayejitoa. Ruhusa ni kwa ajili ya uhai na afya ya mama.

Huyo mhudumu aliyehitimu ni nani? Sheria ya Afya ya mwaka 2017 imemtaja. Ni daktari, muuguzi, mkunga au afisa wa kliniki, ambaye amefunzwa kushughulikia matatizo ya uja uzito. Muuza dawa wa dukani hakutajwa. Mganga wa mtaani hakutajwa. Na angalieni vizuri: mume, mama mkwe na mzee wa mtaa hawakutajwa pia.

Hata hivyo sisi wahudumu tumekuwa na woga wetu. Mwaka 2004 daktari mmoja na wauguzi wawili walikamatwa Nairobi wakashtakiwa kwa mauaji katika kesi ya mimba zilizotolewa. Walikaa rumande mwaka mzima kabla ya mahakama kuwaachilia mwaka 2005. Wauguzi wengi hawakuisahau habari hiyo. Mwaka 2012 wizara ilitoa mwongozo wa kutusaidia kujua la kufanya, lakini mwaka 2013 mwongozo huo ukaondolewa. Chama cha mawakili wanawake, FIDA Kenya, kilienda mahakamani pamoja na wengine, akiwemo mama wa msichana wa shule aliyekuwa amenajisiwa. Msichana huyo alitolewa mimba mahali pasipo salama, akaugua kwa muda mrefu, na akafariki mwaka 2018, kabla ya hukumu. Juni 2019, majaji watano wa Mahakama Kuu walisema mwongozo uliondolewa kinyume cha sheria. Walisema pia kwamba mimba iliyotokana na kubakwa au kunajisiwa inaweza kutolewa iwapo, kwa maoni ya mhudumu aliyehitimu, inahatarisha uhai au afya ya mwenye mimba, na afya ya akili ikiwemo.

Mimi mwenyewe nina kosa la kukiri. Nilipokuwa bado mgeni kazini, katika kituo kimoja ambacho sitakitaja, aliletwa msichana wa kidato cha pili akitokwa damu nyingi na mwili ukiwa moto kwa homa. Badala ya kumwekea maji ya mshipa kwanza, nilisimama kando ya kitanda nikamwuliza, "Ni nani amekufanyia hivi? Mama yako anajua?" Nilimwuliza mara tatu. Alinyamaza na kugeukia ukuta. Mwenzangu aliyekuwa mkubwa kwangu alinisukuma kando akaanza kazi. Baadaye aliniambia, "Wewe ni muuguzi. Kama unataka kuwa hakimu, nenda ukasomee." Msichana alipona, namshukuru Mungu, lakini dakika zile nilizopoteza bado nazikumbuka.

Kwa hiyo lishikeni hili. Mwanamke yeyote anayetokwa damu, iwe mimba imeharibika yenyewe, iwe imetolewa, ana haki ya kutibiwa. Katiba, kifungu cha 43, inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Kumtibu si kosa kisheria, na mhudumu hapaswi kungoja polisi wala kungoja maelezo ndipo aanze. Utafiti wa Wizara ya Afya na wenzake ulikadiria kwamba katika mwaka 2012 pekee mimba zaidi ya 460,000 zilitolewa nchini, na wanawake karibu 120,000 walitibiwa kwa madhara yake. Hao ni dada zetu, binti zetu, na wengine ni wake zetu.

Haya, turudi kwenye swali lenu. Nitalijibu kama ninavyoona baada ya miaka yangu kazini, na asiyekubaliana nami bado ni msikilizaji wangu.

Mume ana nafasi kubwa. Mimba ni yake pia, na furaha na hasara ni zake. Lakini nafasi yake ni kushauriana na mkewe, kutafuta gari na kushika mkono. Mwanamke mzima mwenye akili timamu ndiye anayekubali au kukataa matibabu ya mwili wake. Baba, mkubaliane mapema, kabla ya shida: mwambie mkeo na mama yako, "Nisipopatikana kwa simu, msiningoje."

Mzazi ana nafasi kwa binti aliye chini ya miaka 18. Katika matibabu ya kawaida mzazi au mlezi huhitajika. Lakini maisha yakiwa hatarini, dharura haingoji sahihi. Na mzazi anayetaka kuambiwa mapema lazima awe mtu wa kuambiwa. Binti akijua kwamba atafukuzwa nyumbani, atakwenda kwa mtu wa uchochoroni.

Kanisa na msikiti vina nafasi. Mimi ni mtu wa kanisa, na ninajua wauguzi wenzangu ambao dhamiri zao haziwaruhusu kutoa mimba. Wanaosema kwamba aliye tumboni hana wa kumsemea wana neno la kusikilizwa, na katiba yetu imelisikiliza. Hata hivyo, dhamiri yangu inanizuia mimi, haimzuii mgonjwa. Nisipoweza, nimwite anayeweza, na mgonjwa anayekata roho nimtibu sasa. Nao wahubiri, baada ya kukataza, wafuatilie: msichana aliyezaa ana maziwa ya mtoto? Amerudi shule? Mwongozo wa Wizara ya Elimu wa mwaka 2020 unasema anaruhusiwa kurudi. Ni nani amempeleka?

Serikali ina nafasi: kuweka sheria zinazoeleweka, dawa, damu na wahudumu waliofunzwa.

Lakini mwenye kubeba mimba ndiye anayebeba pia kifafa cha mimba, ndiye anayetokwa damu, ndiye anayekufa. Waswahili walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kwa hiyo neno lake lisikilizwe kwanza, pamoja na maoni ya mhudumu aliyefunzwa. Sisi wengine tumsaidie, tusimzingire.

Kabla hatujaachana, tafadhali shikeni dalili za hatari. Kama una kalamu, andika. Mimba changa yenye maumivu makali ya tumbo, hasa upande mmoja. Kizunguzungu au kuzirai. Damu inayolowesha pedi mbili kwa saa moja. Homa pamoja na uchafu unaonuka. Kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu katika mimba kubwa, hicho huwa chanzo cha kifafa cha mimba. Ukiona moja ya hizi, usinywe mitishamba, usinunue vidonge vya kubahatisha, usingoje kikao. Nenda kituo kilicho karibu, usiku au mchana. Mhudumu wa afya wa kijiji chako anaweza kukusaidia kupata usafiri, na kituo kikishindwa utapelekwa hospitali ya rufaa.

Aliyebakwa afike hospitali mara moja, asioge wala kufua nguo alizovaa. Dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI huanzwa kabla ya saa 72 kwisha, na dawa ya kuzuia mimba hutolewa ndani ya siku 5, lakini mapema ndiyo bora. Namba 1195 hupokea simu za dhuluma za kijinsia bila malipo, na 116 ni ya watoto.

Na tusisahau kwamba mimba nyingi za taabu zingeweza kuzuiwa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba wasichana 15 katika kila 100 wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamewahi kushika mimba. Njooni kliniki tuzungumze juu ya upangaji uzazi. Hatuulizi cheti cha ndoa.

Kazi ya nyumbani ni moja. Leo jioni, baada ya chakula, mwulizaneni: shida ikitokea usiku na mwenye nyumba hayupo, ni nani atakayetoa gari, na pesa ziko wapi? Mkikubaliana leo, hamtakuwa na haja ya kuketi chini ya mti siku hiyo.

Mimi ni muuguzi wenu wa jamii. Kwa wale niliowakera, naomba msamaha kwa kero lakini si kwa habari. Tukutane tena wiki ijayo, Mungu akipenda. Kwaherini.