Madini Joto ya Mwani na Chumvi ya Majumbani Mwetu

Matini ya mazungumzo yaliyotolewa na afisa wa lishe mbele ya watumishi wa Serikali na wananchi, Unguja



Mimi ni mzaliwa wa Lugarawa, milimani Ludewa, mkoani Njombe. Utotoni mwangu, mama mtu mzima akivimba shingo kwa rovu, yaani goita, hakuna aliyeshangaa. Mvua za karne nyingi zimeyaosha madini joto katika udongo wa milima ile, na chakula kinachoota humo huyakosa. Nilipohamia Visiwani niliambiwa kuwa rovu ni maradhi ya watu wa bara, kwani huku tumezungukwa na bahari. Naomba ruhusa kulipinga neno hilo kwa adabu.

Lita moja ya maji ya bahari haina hata sehemu moja ya kumi ya miligramu ya madini joto, na chumvi inayobaki maji yakikauka huwa nayo kidogo mno. Ajuaye kuyakusanya ni kelpi, mwani mkubwa wa kahawia wa bahari za baridi. Mwani huu hauna mizizi. Hushika mwamba kwa kishikio kilichotawanyika kama vidole. Aina ya Laminaria digitata, ya pwani za kaskazini mwa Ulaya, huyalimbikiza madini hayo hata yakazidi yaliyomo majini mara 30,000 na zaidi. Mwaka 2008 wanasayansi walieleza sababu yake: maji yakipwa na mwani ukabaki wazi, huyatoa ili kuzima ukali wa ozoni na sumu nyinginezo za oksijeni. Ni katika majivu ya mwani ambamo Bernard Courtois wa Ufaransa, mwaka 1811, alitia tindikali ya salfa akaona mvuke wa zambarau. Ndivyo madini joto yalivyogunduliwa.

Mwani wa Paje na Jambiani si huo. Huu wetu ni mwani mwekundu, unaolimwa zaidi na kina mama tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na hununuliwa kwa ajili ya karajinani, uteute unaogandisha vyakula na dawa za meno. Wengi wetu tunauuza, hatuuli.

Uchunguzi wa wanafunzi wa Unguja na Pemba, uliochapishwa mwaka 2006, uliikuta goita visiwa vyote viwili, na upungufu wa Pemba ulikuwa mkubwa zaidi. Samaki wetu hawakutosha kutukinga. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku, mjamzito 250. Akizikosa, ubongo wa mtoto aliye tumboni ndio unaodhurika, na dhara hilo halirekebishiki.

Kwa hiyo, mnunuapo chumvi, ulizieni iliyotiwa madini joto. Ifunikwe vyema, isikae penye unyevu wala juani, na itiwe chakula kinapokaribia kuiva. Ama vidonge vya kelpi vinavyouzwa madukani, visimezwe bila ya ushauri wa daktari, kwani madini hayo yakizidi nayo huivuruga tezi.