Kirusi Kinavyoiteka Ligasi ya Seli: Chanzo cha Saratani ya Mlango wa Kizazi

Kipindi hiki cha elimu ya afya kwa wasikilizaji wa Busunzu na wa nyanda zote za juu za Kibondo na Kasulu kinaeleza namna saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza miongoni mwa wanawake nchini Tanzania, inavyoanza ndani ya seli.

Seli hutengeneza protini kila wakati, na zile zilizochakaa au zilizomaliza kazi huondolewa kwa utaratibu maalumu. Protini ndogo iitwayo ubikwitini hubandikwa juu ya ile inayotakiwa kuondolewa, kama mti wa mbao unavyopigwa alama kabla ya kukatwa, kisha protini iliyotiwa alama hukatwakatwa na mtambo wa seli uitwao proteasomu. Kazi ya kubandika alama hufanywa kwa hatua tatu na vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemikali mwilini, na kimeng'enya cha hatua ya mwisho, ligasi ya ubikwitini, ndicho kinachochagua protini ya kutiwa alama.

Miongoni mwa protini za seli imo p53, ambayo huizuia seli yenye vinasaba vilivyoharibika isigawanyike, au huifanya ife. Kirusi cha papiloma ya binadamu, hususan aina ya 16 na ya 18 zinazosababisha takriban asilimia 70 ya saratani ya mlango wa kizazi, huifanya seli itengeneze protini ya kirusi iitwayo E6, ambayo hujishikiza kwenye ligasi ya seli iitwayo E6AP na kuielekeza kwa p53. Mwaka 1993 Martin Scheffner, Peter Howley na wenzao walionesha kuwa ni ligasi hiyo iliyotekwa ndiyo inayoitia p53 alama ya kuteketezwa. Seli zikikosa mlinzi huyo, zenye kasoro huendelea kugawanyika kwa miaka mingi, pasipo maumivu, hadi saratani inapojitokeza.

Chanjo ya kirusi hicho huzuia maambukizi kabla E6 haijatengenezwa ndani ya seli. Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018, na mwaka 2024 ilianza kutoa dozi moja, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Katika kuwapima wanawake wa miaka 30 hadi 50, mhudumu hupaka siki hafifu kwenye mlango wa kizazi, na sehemu iliyobadilika hugeuka nyeupe, ikatibiwa mapema. Wazazi wa Busunzu wanahimizwa kuwapeleka mabinti wao wakachanjwe, na akina mama waende kupimwa wangali wazima, kwa kuwa saratani hii inazuilika.