Mwalimu wa Wodini

Vyuo vya afya vinapotangaza wahitimu wapya wa fiziotherapia, sifa huenda kwa darasa. Anayesahaulika ni msimamizi wa mafunzo kwa vitendo, yule anayempokea mwanafunzi wodini, kama pale hospitali ya KCMC mjini Moshi, ambako fani hii imefundishwa kwa miaka mingi.

Mgonjwa wa kiharusi anaketishwa kitandani; mwanafunzi, kwa pupa, anaukamata mkono uliopooza na kuuvuta. Mwalimu humzuia papo hapo, maana bega lililolegea huweza kuteguka kwa mvuto huo. Humwonyesha pa kushika: nyuma ya bega na ubavuni, magoti ya mgonjwa yakikingwa. Kitabuni yamo yote hayo, ila mikono haisomi kitabu.

Na mwalimu huyo huyo ana wagonjwa wake kwenye benchi. Saa za kufundisha mara nyingi hazimo kwenye ratiba yake, seuze kwenye mshahara. Tunamtaka atibu, afundishe, asahihishe, kisha aandike ripoti usiku. Huo si uungwana. Waajiri na vyuo wamtengee muda na posho, na kazi hiyo ihesabiwe anapopandishwa cheo.