Mama na Mtungi wa Maji

Leo tuzungumze juu ya ule mtungi unaojitwika kila asubuhi.

Mwaka 1986 watafiti walichapisha uchunguzi waliofanya hapa Kenya. Waliwapima akina mama wa Kijaluo, wanaobeba mzigo kichwani, na wa Kikuyu, wanaobeba mgongoni kwa mkanda unaopita kwenye paji la uso. Walipima oksijeni waliyotumia wakitembea. Ajabu ni kwamba mzigo usiozidi asilimia 20 ya uzito wa mwili haukuwaongezea kazi yoyote. Ilikuwa kama wanatembea mikono mitupu. Mzigo ulipofika asilimia 30, nguvu walizotumia ziliongezeka kwa asilimia 10.

Siri iko katika mwendo. Ukitembea, mwili hupanda kidogo juu ya mguu uliokanyaga, halafu hushuka, na kule kushuka husaidia kusukuma hatua inayofuata, kama mtoto kwenye bembea. Uchunguzi mwingine wa mwaka 1995 ulionyesha kwamba akina mama waliozoea mizigo huitumia bembea hiyo vizuri zaidi wakiwa wamebeba. Lakini si wote. Uchunguzi wa Afrika Kusini wa mwaka 2010 haukuona nafuu hiyo kwa kila mama.

Sasa tufanye hesabu. Ukiwa na kilo 60, asilimia 20 ni kilo 12. Mtungi wa lita 20 ukijaa ni zaidi ya kilo 20, theluthi nzima ya uzito wako! Tena, hata pale nguvu hazipotei, shingo na mgongo bado vinabeba.

Zamani niliwaambia akina mama wenye maumivu ya mgongo, "Usibebe kitu kizito." Siku moja mama akaniuliza, "Sista, nani atateka?" Nilikosa jibu.

Leo nasema hivi. Bomba likiwa karibu, chukua mtungi wa lita 10, uende mara mbili. Mto ukiwa mbali, safari mbili zitakumaliza. Hapo ndipo baba anapohitajika, au baiskeli, mkokoteni au punda. Usijitwike peke yako. Chuchumaa, mwenzako akutwike, na ukifika nyumbani mtu akutue.

Mama mjamzito, na wewe uliyejifungua juzi, mtungi wa lita 20 si wako. Kuinua vitu vizito mapema baada ya kujifungua kunaweza kuchangia kizazi kushuka. Mama mkwe unayesikiliza, naomba uniunge mkono hapo.

Ukiwa mjamzito ukaona damu, maji yakatoka, au tumbo likauma, tua mzigo hapo hapo uende hospitali. Usingoje kesho. Na shingo ikiuma bila kupoa, au mikono ikifa ganzi, njoo kliniki tukuangalie.