Viunzi vya Uwanjani na Viunzi vya Nyumbani

Hotuba ya mgeni rasmi katika ufunguzi wa mashindano ya riadha ya shule za sekondari



Nimeombwa niwape wanamichezo neno. Nalitoa kwenye mbio za mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Mkimbiaji huruka viunzi 28 vya kawaida, na maji mara 7. Kiunzi cha wanaume kina kimo cha sentimita 91.4, na ukikigonga hakianguki, utaanguka wewe. Shimo la maji nalo lina kina kirefu karibu na kiunzi, kisha kina hupungua kadiri unavyokwenda mbele. Anayeruka kwa woga hutumbukia kwenye kina. Anayejitupa mbele hutua kwenye maji haba, akaendelea na mbio.

Mwaka 1968 kwenye Olimpiki ya Mexico, Amos Biwott wa Kenya aliruka maji bila kukanyaga kiunzi, akatua pakavu, akatwaa dhahabu. Mwaka 1980 kwenye Olimpiki ya Moscow, Filbert Bayi wetu wa Tanzania aliongoza sehemu kubwa ya mbio hizi, akapitwa karibu na mwisho, lakini hakulegea. Akatuletea medali ya fedha. Wanangu, ukikiona kiunzi mbele, ongeza mwendo kabla hujakifikia.

Ndugu wazazi, sasa nageukia kwetu. Kiunzi cha uwanjani kina kimo kimoja kwa washindani wote wa mbio moja. Vya nyumbani havilingani. Binti anayechota maji alfajiri kabla ya shule, na kila mwezi akakosa vipindi kwa kukosa taulo za kike, hashindani sawa na wenzake. Tusimwambie kwamba shida zinamkomaza. Shida hizo ni zetu kuziondoa. Hata mbio hizi za kuruka viunzi na maji, wanawake hawakuruhusiwa kuzikimbia kwenye Olimpiki hadi mwaka 2008. Si kwamba hawakuweza kuruka. Watu wazima walikuwa wamefunga mlango, na watu wazima ndio waliokuja kuufungua.

Naomba basi kila bodi ya shule iliyopo hapa, kabla muhula haujaisha, ihakikishe shule yake ina maji ya uhakika na taulo za kike. Watoto waruke viunzi vya uwanjani. Sisi tuondoe vile tulivyowawekea.

Kwa maneno hayo, natamka kwamba mashindano haya yamefunguliwa rasmi.